Mchezo Niliomchagulia Hawe

Karatasi zile mbili za matangazo zilinuka vitunguu. Mama alikuwa akiuza vitunguu Kongowea, na kila tangazo alilopewa sokoni alilikunja akalitumbukiza guniani, kwa hiyo habari za mjini zilitufikia Magogoni na harufu hiyo hiyo. Likizo ile ya Aprili nilikuwa na miaka kumi. Baba, aliyefanya kazi ya zamu bandarini, alikuwa amepata Jumamosi moja ya mapumziko, naye akatuahidi kutuvusha daraja twende kisiwani tukaone mchezo wa kuigiza jukwaani. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuona mchezo wa namna hiyo. Michezo ilikuwa miwili, siku ile ile na saa ile ile, basi ilibidi tuchague.

Haki ya kuchagua alipewa Hawe, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, aliyekuja kutoka Kaloleni kutibiwa macho. Matibabu hayakufua dafu. Alibaki kutofautisha mwanga na giza tu. Baba akaniambia nimsomee matangazo, naye aseme anautaka upi. Mchezo wa kwanza ulikuwa kichekesho cha mke na mume wanaogombania jogoo, maneno mwanzo mwisho. Wa pili ulikuwa na picha ya mchezaji aliyeruka juu ajabu, na chini yake maandishi madogo: mchezo huu hauna maneno, ni wa ngoma na ishara. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda yule mrukaji. Nilisoma kila kitu isipokuwa mstari ule wa chini. Hawe akasema, "Haya mwanangu, twende huo wa ngoma." Niliona aibu, lakini furaha iliizidi.

Siku ilipofika, Hawe alivaa gauni lake la kanisani na kunukia mafuta ya nazi. Taa za ukumbi zikazimwa, ngoma zikalia, kisha zikanyamaza, na kilichobaki kikawa vishindo vya nyayo. Nilimwona Hawe akinyoosha shingo, akigeuza sikio huku na huku kumtafuta mtu atakayesema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwinamia, nikaanza kumweleza: yule mrefu amebeba mtungi, anayumba, kuna msichana anamfuata. "Ehe," Hawe akaitikia kwa sauti kamili. Kwao hadithi haisikilizwi kimya. Asipoitikiwa, msimuliaji hudhani mwenzake amelala, akaacha. Basi kila sentensi yangu ilipata ehe yake, mpaka mtu wa mbele akageuka na kututazama kwa ukali. Mama alimwomba radhi, akamgusa Hawe goti. "Nikinyamaza, mtoto atajuaje kama niko naye?" Hawe akamuuliza, na akaendelea vivyo hivyo. Mrukaji wangu aliporuka, nilikuwa nimeinama nikitafuta neno la kueleza mtungi uliovunjika. Sikumwona.

Kwa wiki nzima Hawe aliwasimulia majirani mchezo ule kama mtu aliyeuona kwa macho yake, na kila mara alisema mjukuu wake ndiye aliyemsomea tangazo. Sifa zile zilinichoma. Jioni moja, nikimkanda miguu, nilimwambia ukweli huku nikilia. Hakushtuka. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Karatasi ya jogoo uliisoma kama mtu anayefukuzwa. Ile nyingine uliisoma polepole, kwa raha. Nikajua moyo wako uko wapi, na kwamba kuna jambo unanificha. Haya, endelea kukanda."

Siku hizi nachagua michezo kwa simu. Naona vipande vyake kabla sijatoka nyumbani, nasoma maoni ya waliotangulia, nachagua hata kiti, kisha nakaa kimya kama tunavyoagizwa. Mingi naisahau kabla sijavuka daraja kurudi nyumbani Kisauni. Ule mmoja naukumbuka hatua kwa hatua, kwa sababu nilipaswa kuutazama kwa niaba ya mtu mwingine. Hawe alifariki mwaka uliofuata. Nampenda mpaka leo, hasa kwa kuwa alijua namdanganya, akavaa gauni lake, akaja.