Joto la Shemeji Lilikuwa Nne Siku Zote

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa majokofu, na sijawahi kumpenda. Sanduku lake la vifaa lina kufuli. Ukimwomba bisibisi, anakuja kukaza skrubu mwenyewe, kisha anaondoka nayo mfukoni. Miaka kumi na minne sijamwona akimpa mtu kitu mkononi.

Mwaka huu alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wiki sita, akaja zahanatini kwetu kifua mbele. Akaweka kipimajoto ndani ya jokofu la chanjo, akaandika programu: fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, isome joto, nyingine ipige king'ora likizidi nyuzi nane. Mimi, muuguzi wa chanjo, niliambiwa nisiguse kitu.

Jumatatu asubuhi nikakuta mota imezimika na barafu yote imekuwa maji. Chanjo za watoto sitini, za kutupa. King'ora kimya.

"Uliacha mlango wazi, shemeji, mota ikachoka," alisema mbele ya daktari mkuu. "Programu yangu haikosei."

Mlango nilikuwa nimeufunga, lakini daktari akanipa barua: nijieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi sina. Nililia chooni, kisha nikapandwa na hasira, na hasira ilinifaa zaidi. Siku tatu nilikosa chakula cha mchana nikisoma programu yake mstari kwa mstari, kitabu cha wanaoanza kikiwa mapajani.

Alhamisi niliwaita daktari na shemeji. Nikachukua kipimajoto, nikakitumbukiza kwenye chai yangu. Kwenye kompyuta mstari wa kwanza, wa fanksheni ya kusoma, ukaandika 61. Wa pili, wa king'ora, ukaandika: "Joto ni 4. Salama."

"Eti salama," nikasema. "Inywe basi, shemeji."

"Umeharibu waya."

"Waya mzima, umesoma sitini na moja. Tazama hapa juu, nje ya fanksheni zote. Uliandika joto ni nne, ya kujaribia, ukaisahau. Fanksheni ya kusoma inaweka joto lake humo humo ndani. Ikimaliza kazi, linapotea. Ya king'ora haijawahi kuliona. Inasoma ile nne yako tangu siku ya kwanza."

"Lakini jina si ni lile lile!"

"Jina moja, vigeu viwili, yaani visanduku viwili tofauti vya kuwekea namba. Ya kwanza lazima irudishe joto, na ya pili ikabidhiwe kwenye mabano yake. Wewe hukumkabidhi mtu chochote, kama kawaida yako."

Nikarekebisha mwenyewe, mistari mitatu tu. King'ora kikalia mpaka akina mama kwenye benchi wakawaziba watoto masikio.

"Kizime!" shemeji akafoka.

"Chai haitashuka chini ya nane hapa mezani," nikamjibu. "Andika nyuma ya barua hii kwamba programu yako ndiyo iliyokosea na mlango niliufunga, nami nitakizima."

Daktari akaisogeza barua mbele yake. Shemeji akajipapasa mifuko, akaomba kalamu. Nilimpa yangu, mkononi, nikasimama pale pale mpaka alipoirudisha.