Nusu Duara ya Dakika Moja

Watu wa mtaa wetu wa Naviundu walimcheka Constantin Kabwe, na mimi nilikuwa wa kwanza. Mwanaume wa miaka thelathini na nne, baba wa watoto watatu, mjaza mafuta wa ndege za shirika dogo la wamisionari, na kila Jumamosi akitoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, anajifungia chumbani kucheza mchezo wa ndege kwenye kompyuta! Nilimwambia ndege yake haijapita hata paa la choo. Hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwake ule haukuwa mchezo.

Mimi ni Amisi, fundi wa redio, mtu wa Maniema. Kibanda changu kilitazamana na mlango wake, kwa hiyo yote haya niliyaona, na mengine niliyafanya mwenyewe.

Barua ilitoka mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na nane. Shirika lilitaka kumpeleka mtu mmoja, mmoja tu, akasomee urubani Ulaya. Aliyefikisha miaka thelathini na tano asijisumbue. Constantin angeifikisha mwezi wa saba, na mtihani ulikuwa mwezi wa sita. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameshika mpira wa mafuta akitazama wengine wakipaa. Akikosa safari hii, basi, angezeeka na mpira ule mkononi.

Mtihani wenyewe ulielezwa vizuri. Mtahini angekupandisha kwenye ndege ndogo, angekuvisha kofia yenye ukingo mrefu usione nje, kisha angefunika dira na saa. Ungegeuza ndege huku ukishika mshale mmoja kwenye alama yake, na kunyoosha unapoona nusu duara imetimia. Nusu duara huchukua dakika moja kamili. Dakika hiyo ilibidi uwe nayo kichwani.

Constantin alikuwa nayo. Baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka Kabalo, Mkatoliki wa rozari kila jioni, na Salamu Maria nne, kwa mwendo wa nyumbani kwao, zilikuwa dakika moja. Tulizipima kwa saa yake ya mkono mara kumi, hazikukosea. Nikamtania kwamba ndege yake hata ikianguka, itaanguka na baraka zote.

Kilichomtesa ni mashine. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Kasapa aliyerudi kwao Ubelgiji ndiye aliyemwachia, na ilikuwa nzito kuliko punda mgonjwa. Picha moja ilikuja, ikakaa, kisha ikaja nyingine. Kati ya hizo mbili mshale ulikuwa umeshatoroka.

“Fundi Amisi,” akaniambia, “miye niko nageuza, yee iko nalala. Mukono inajua, lakini macho haina kintu ya kushika. Unisaidie, ndugu yangu. Nitafanya namna gani?”

Nilianza na madogo. Niliondoa kwenye mchezo mawingu na majumba, ili mashine isipoteze nguvu kuyachora. Niliiunganisha na régulateur ya friji yao, maana umeme wa mtaa ulipanda na kushuka. Nilifungua kifuniko nikaweka feni ya mashine ya kukaushia nywele. Ikapata nafuu, lakini nafuu ya mgonjwa anayeomba uji.

Fundi mmoja wa chuoni alikuwa na kompyuta iliyokufa. Hakutaka pesa zetu za zaire, na nani alizitaka siku zile? Constantin akavua saa yake ya mkono akampa. Tukarudi na vipande vya mémoire, kumbukumbu ya mashine, na quartz, kidude kidogo kinachoipigia mashine mapigo ya moyo. Cha zamani kilipiga polepole, hiki kilipiga mbio. Nilipokichomea na kuwasha, picha ilitiririka kama mawese. Constantin alinibeba mpaka miguu yangu ikaacha sakafu, na Edith, mkewe, akanipikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki.

Wiki haikuisha, akaja na uso umemshuka.

“Fundi, nimekuwa muzito. Maria tatu tu, nusu duara inaisha. Mbele zilikuwa ine.”

“Iko woga ile,” nikamjibu bila hata kuinua kichwa. “Unavuta sala juu ya woga. Machine haina woga. Ufwate machine.”

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu.

Akaifuata. Aliharakisha sala mpaka nne zikaingia tena katika nusu duara, na mshale haukutikisika. Akawa anasali hivyo barabarani, kazini, mezani. Jioni wakati wa rozari Edith alimlalamikia, akimwita kwa jina la mtoto wao: “Papa Jeanne, unamukimbiza Maria. Batoto banashindwa kukufwata.” Akamfokea, mtu asiyewahi kumfokea. Majirani wakaanza kumwimbia kwamba haraka haraka haina baraka.

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani, aliniita nimtazame akirudia mara ya mwisho. Nilikaa nyuma yake, nikatupia jicho saa yangu kwa mazoea tu. Nusu duara ikaisha kwa sekunde arobaini na nne. Nikadhani nimekosea. Akarudia, ikawa arobaini na nne.

Nimetengeneza gramafoni miaka ishirini. Najua kwamba sahani ikizungushwa mbio, mwimbaji mzee anatoa sauti ya mtoto. Quartz yangu haikuharakisha picha peke yake. Iliharakisha kila kitu humo ndani, pamoja na dakika yenyewe. Miezi miwili nilikuwa namfundisha dakika iliyokatwa robo.

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba siku moja haitoshi kujifunza upya, kwamba nitamvunja moyo, kwamba ndege ya kweli itamrekebisha. Uongo mtupu. Niliona aibu ya fundi, basi.

Jumatatu alipandishwa. Alisali Maria zake nne, akanyoosha. Mtahini akafunua dira, ikawa bado sana kufika nusu duara. Wakarudia mara tatu, na mara tatu alikatiza palepale. Waliposhuka, mtahini alimwambia kwamba mikono yake ni mizuri, lakini ana haraka ndani yake, na haraka ya damuni haiondoki kwa mafunzo, na angani inaua watu.

Sentensi hiyo ilimmaliza. Aliacha kuongoza rozari. Aliacha kula na wanawe. Mwisho wa mwezi wa saba alikuja kibandani na karatasi, akaniomba nimsahihishie Kifaransa. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

“Muntu wa haraka asiguse mafuta ya ndege,” akasema. “Siku moja nitaua bantu. Iko mu damu yangu, fundi.”

Watoto watatu, na anaitupa kazi kwa ajili ya kidude changu! Nikaweka chini chuma cha kuchomea, nikamweleza habari ya quartz, sahani ya gramafoni, na zile sekunde arobaini na nne. Nilisema kana kwamba ndiyo kwanza nimegundua.

Nilingoja anipige. Alishika ukingo wa meza yangu.

“Basi ile haraka haikukuwa ya miye?”

“Hapana.”

“Dakika yangu ya kwanza ilikuwa sawa?”

“Ilikuwa sawa kabisa, Consta.”

Akacheka, na kicheko kikakatika kikawa kilio, kilio cha mtu mzima, hata meza ikatikisika na misumari yangu ikamwagika chini. Miaka thelathini na tano alikuwa ameitimiza wiki iliyopita, na wote wawili tulijua. Edith akavuka njia mbio, na unga mikononi, akiuliza nani amekufa.

Constantin alinikazia macho mimi.

“Uniambie tena.”

Nikamwambia tena, mbele ya mkewe, tangu mwanzo, na safari hii sikuiruka Jumapili niliyonyamaza.