Ng'ombe Wana Hereni, Mtoto Hana Chanjo

Mtaa mzima wa Ng'ambo unajua mimi sikosi la kusema, hata msibani. Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali na goti langu bovu.

Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani walikaa mfugaji kutoka Ziba na mkewe, wamempakata mwana wao wa miaka saba. Mtoto alikuwa anashtukashtuka, kila akishika andazi linamponyoka. Mwaka jana alikuwa anasoma. Sasa hata jina lake limempotea.

"Kadi ya kliniki, baba?" daktari akauliza.

Mfugaji akaitoa kwenye nailoni, safi kabisa. Mahali pa surua palikuwa patupu.

"Aliwahi kuugua surua?"

"Akiwa wa mwaka mmoja, akapona. Siku za chanjo tulikuwa mbugani na mifugo."

"Na mifugo nayo haikuchanjwa?"

Akatutumua kifua. "Ah, yote! Mwaka ule ule mimi na mama huyu tuliiswaga siku mbili hadi joshoni, ikaogeshwa na kuchanjwa. Kila ng'ombe ana hereni ya chanjo sikioni."

Daktari akavua miwani. "Surua ile ilijificha kichwani. Ni nadra sana, baba, lakini ikiamka hatuna cha kuiponya."

"Basi mchomeni leo."

"Ya leo haimsaidii tena."

Andazi likaanguka. Mama akalifuta kwa kanga, akamrudishia mkononi.

Josho lile nalijua, nani kama mimi kwa kutembea! Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Mfugaji alipita mlangoni pake na ng'ombe wake wote, mtoto yuko mgongoni kwa mama.

Na wewe unayemsonya, kadi ya mwanao iko wapi? Weka gazeti chini, kaitafute.