Siku Jina la Kankindi Lilipotoka

Malongo fundi mwashi hakuwa na R. Mungu alimpa jicho la kunyoosha ukuta bila timazi, akampa kifua cha kupandisha mfuko wa saruji mlimani bila kupumzika, lakini R alimnyima. Alikuwa Mzinza wa Biharamulo, na kinywani mwake L ilifanya kazi zote mbili. Karai lilikuwa kalai, ramani ilikuwa lamani, na siku vibarua walipomuudhi akatishia kuacha kazi, alisema, “Mimi naludi kwetu!” Hasira yote ikaishia kwenye vicheko, na yeye mwenyewe akacheka nao. Nani angedhani kwamba jambo dogo namna ile lingekuja kumkata mtu maini?

Alifika Nyamiaga mwaka sabini na tisa, vita vya Kagera vilipokwisha, akifuata kazi ya kujenga madarasa. Kabla hata ya kumaliza msingi, homa ikamwangusha. Hakuwa na ndugu wala jirani. Mwanamke aliyekuwa akichota maji ya ujenzi, Kankindi, ndiye aliyempeleka kwake, akamlaza kwenye mkeka wa mwanawe Philbert, akamnywesha uji kwa kijiko siku tisa. Kankindi naye aliwahi kuwa mgeni. Alivuka mto kutoka Rwanda mwaka sitini na moja, Philbert akiwa mgongoni, na mume hakuwahi kumfuata. Alijua maana ya kuugulia ugenini. Tangu siku zile Malongo alimwita mama, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Kisha ukaja mwaka tisini na nne. Watu wakamiminika kutoka Rwanda kwenye daraja la Rusumo mchana na usiku, wamebeba magodoro, masufuria na wazee wao. Makambi yakajaa, na vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Siwalaumu, maana mwenye kupika maharage ya msaada lazima apate kuni. Lakini nguzo za kujengea ziliisha na nyasi za kuezekea zikaisha. Maskini ambaye zamani angesimamisha nyumba kwa nguvu za majirani na pombe ya ndizi, sasa hakuwa na pa kuanzia. Wenye maduka nao walinenepa. Waliuza sabuni, betri na chumvi mpaka wakachoka kufungua makufuli.

Mwalimu Febronia, mwanamke mfupi aliyekwisha kustaafu lakini hajaacha kufokea watu, ndiye aliyeingia duka moja baada ya jingine kutafuta vifaa vya kuwajengea maskini nyumba. Hakubembeleza. “Mmepata,” aliwaambia, “sasa toeni.” Frednand wa duka la vifaa vya ujenzi akatoa bati na misumari, akinung’unika kidogo kwa ajili ya heshima yake. Mwenye lori akatoa safari za mawe na mchanga. Kila Alhamisi waumini wa kigango wakaja na majembe, wanawake na ndoo za maji, na Malongo akaja na mwiko wake, bila kudai chochote. Zilikuwa nyumba ndogo za vyumba viwili, za matofali ya kuchoma. Aliyetaka kuingia kwenye hesabu ya kupata alitakiwa kufyatua matofali siku thelathini tu, yeye au mtu wake. Siku thelathini za Kankindi alizifanya Malongo, jioni jioni, baada ya kazi zake.

Maana Kankindi alikuwa hana nyumba tena. Mwezi wa pili, mwaka tisini na tano, kifua kilimchukua Philbert, mtoto wake wa pekee. Wiki chache baadaye mvua ikaangusha ukuta wa nyuma wa kibanda chao, na nguzo za kuusimamisha upya hazikupatikana. Jirani yake, Domisiana, akampa kona ya jiko lake alale. Domisiana alikuwa na moyo, hilo nalisema wazi, lakini jiko ni jiko. Moshi ulimpa Kankindi kikohozi, na fedheha ikampa kimya.

Tena kulikuwa na jambo la matanga. Kwa desturi ya kwao Kankindi, aliyefiwa hubaki katika msiba mpaka ifanywe kwera, siku ya kukaribisha watu nyumbani, kunywa pamoja nao na kuuaga msiba. Kabla ya hapo haendi arusini, haendi kwenye sherehe, hali chakula cha furaha kwa watu. Na kwera haifanywi jikoni mwa mtu mwingine. Kwa hiyo miezi ilipita na Kankindi akabaki katika msiba wake, kwa sababu tu hakuwa na uwanja.

“Mwanangu,” alimwambia Malongo siku moja, “mimi siogopi kufa. Naogopa kutolewa kwenye jiko la watu kama jivu. Nataka nimlilie Philbert nimalize, halafu na mimi nitoke kwenye mlango wangu.”

Kesho yake nyumba ya nne ilipoanzwa, Malongo aliishusha ngazi ya mlango vidole vinne. Mwalimu Febronia akauliza kwa nini. Akasema ardhi ndiyo inavyotaka. Mtu yeyote aliyemfahamu Kankindi na magoti yake angejua kwamba ardhi haikutaka lolote.

Nyumba ziligawiwa kwa kura. Mara ya kwanza kura ilichezewa. Watu walichukua karatasi kwa niaba ya shangazi na binamu ambao hawakuonekana, na nyumba moja ikaangukia kwa mtu anayekaa Biharamulo mjini, ambaye aliipangisha kabla rangi haijakauka. Malongo alipiga mwiko juu ya meza ya kamati ya nyumba. “Tuweke shelia,” alifoka. “Asiyekuwepo jina likitoka, amekosa! Liokotwe jingine palepale!” Wakampigia makofi na sheria ikaandikwa.

Kura ya nyumba ya nne iliwekwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa. Ilitangazwa kanisani, lakini Kankindi alikuwa hapandi tena mlima wa kanisa. Domisiana angemwambia, ila alikuwa Bugarama, binti yake amejifungua. Mwalimu Febronia akamwambia Malongo, “Wewe unapita pale kila siku, mpe habari.”

Malongo akapita Ijumaa, haraka haraka, karai begani. Kankindi alikuwa mlangoni mwa jiko, anapepeta maharage. Wao wawili walizungumza Kiswahili, kwa kuwa yeye hakujua Kinyarwanda wala mama hakujua Kizinza. Cha Kankindi kilikuwa Kiswahili cha sokoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Jumapili, baada ya misa, uje ukumbini. Kuna kula. Usikose.”

Kankindi alimtazama kidogo, akainamia ungo wake. “Nimesikia, mwanangu. Mungu awabariki.”

Malongo akaenda zake akipiga mluzi. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Jumapili ukumbi, uliokuwa chini ya mlima wa kanisa, ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu Febronia alitia mkono kwenye kapu, akatoa karatasi ya kwanza, akaikunjua, akasoma kwa sauti yake ya darasani: “Kankindi!”

Malongo aliruka. Kweli aliruka, mtu mzima wa miaka arobaini na minane. Alikumbatia mtu aliyekuwa karibu naye bila kuangalia ni nani. Kisha akageuka kumtafuta mama kwenye benchi la wanawake, hakumwona. Akatazama nje, hakumwona.

“Kankindi!” Febronia aliita mara ya pili. Watu wakaanza kugeuka.

“Yuko njiani,” Malongo alisema. “Magoti yanamsumbua. Niacheni nimfuate, ni hapo tu.”

“Fundi,” Frednand akasema kwa upole, naye hakuwa mtu wa upole, “sheria hii uliiweka wewe.”

Mtu mmoja nyuma akasema kweli, wote tumekuja, mbona wengine tumetoka mbali na watoto. Mwalimu Febronia alimwangalia Malongo kwa muda mrefu. Akaita mara ya tatu, taratibu sana, kama anayengoja mlango ufunguliwe. Halafu akatia mkono kapuni tena. Jina lililotoka lilikuwa la Gaspari, baba wa watoto watano, aliyekuwa akilala chini ya turubai. Gaspari alilia kwa furaha, mkewe akapiga magoti sakafuni. Hata kumchukia mtu wa namna ile haiwezekani, na Malongo alijaribu.

Alitoka mbio. Alimkuta Kankindi palepale jikoni, kanga imefungwa vizuri, rozari mkononi.

“Mama! Mbona hukuja?”

“Mwanangu, mimi nina matanga. Mwenye matanga haendi kula kwa watu. Nilijua hutakasirika.” Akatabasamu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kuonekana amedharau mwaliko. “Mlikula nini?”

Malongo alisimama. Swali lile lilimwingia polepole, na lilipofika chini kabisa akashika ukuta. Alianza kueleza. Kalatasi, alisema, majina kapuni, nyumba. Jina lako limetoka la kwanza, mama. Wamempa Gaspali.

Shanga za rozari zilipita vidoleni mwa Kankindi tatu, nne. Kisha akasema, “Basi masikio yangu yamezeeka. Umenifanyia kazi siku thelathini, na mimi nimekuaibisha mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu.”

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kusema kweli. Malongo alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo: si masikio yako, mama, ni ulimi wangu. Lakini alimwona mzee yule amemwinamia kumwomba msamaha, na aibu ikamshinda.

“Usijali, mama,” akasema. “Haya hutokea.”

Tangu siku ile hakulala vizuri. Alikwenda kwa kamati, kamati ikamwambia mwakani. Alikwenda kwa Frednand, Frednand akasema bati zimekwisha mpaka mzigo mwingine uje kutoka Mwanza. Hakueleza popote ni kwa nini mama hakufika. Alisema tu kwamba alichelewa. Alipimiwa kipande cha ardhi kando ya shamba la Domisiana, akaanza kujenga peke yake, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake. Watu wa Alhamisi walipoona wakaja kumsaidia, wakamsifu njiani na sokoni. Kila sifa aliipokea kama kofi.

Mvua za mwezi wa kumi zilimwahi. Tanuri lilinyeshewa nusu limeiva, na nusu ya matofali ikarudi kuwa udongo. Alifyatua mengine. Jikoni kikohozi cha Kankindi kilishuka kifuani na hakikupanda tena. Kufikia mwezi wa kumi na mbili kuta zilikuwa zimefika usawa wa lenta, juu ya madirisha. Siku moja ya jua Kankindi akaomba apelekwe akaone. Malongo na Domisiana walimshika huku na huku. Alizunguka ndani taratibu akigusa kuta kwa kiganja, akaonyesha kitanda kitakaa wapi, akaonyesha uwanjani wageni wa kwera watakaa wapi. Domisiana akamtania kwamba kwa pombe atakayopika itabidi wageni walale hukohuko.

“Imenyooka,” Kankindi akamwambia Malongo. “Mtu mwenye masikio mabovu kama mimi, sistahili.”

Malongo aliinama, akajifanya anaokota kipande cha tofali.

Kankindi alifariki siku nane baadaye, alfajiri, jikoni, kichwa kimeegemea gunia la maharage la Domisiana. Watu walipokuja kumtoa, Malongo alisimama mlangoni akakataa. Akasema mama hatatoka hapa. Walidhani amechanganyikiwa, lakini Domisiana alielewa, akawaeleza. Kwa hiyo wanaume sita wakambeba kwanza mpaka kwenye nyumba isiyo na paa. Wakampitisha kwenye kizingiti, nacho Malongo alikuwa amekishusha vidole vinne, wakamlaza chumbani, pale alipoonyesha kitanda. Mvua ilikuwa ikinyesha humohumo ndani. Waliimba wimbo mmoja, wamelowa wote, Frednand akiwa ameshika mwavuli juu ya marehemu na si juu yake mwenyewe. Kisha wakamtoa kwa mlango wake.

Kaburini Mwalimu Febronia aliuliza nani atasema kwa niaba ya ukoo. Ukoo haukuwapo. Malongo akasogea mbele, kofia mkononi.

“Mimi ndiye niliyemnyima nyumba,” alisema. “Si masikio yake. Mimi nilimwambia kuna kula, naye akasikia kula. Mnanielewa? Nilisema kula. Yeye akadhani ni kula!”

Watu walitazamana. Alirudia mara ya tatu, ulimi ukihangaika, mishipa ya shingo imemsimama, na neno likatoka vilevile. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa kumhurumia.

“Nyamaza, fundi,” Febronia akamwambia, akimshika bega. “Ni uchungu unaosema. Hakuna mtoto wa kuzaa aliyemtendea mama yake kama wewe.”

“Hapana, Mwalimu, nisikilize…”

“Tumesikia. Pumzika.”

Udongo ukarudishwa. Ulipokwisha, watu wakajipanga kumpa pole, mmoja mmoja, wakimshika mkono kwa mikono yao yote miwili. Gaspari alikuja na watoto wake watano, akawaambia mshikeni fundi huyu mkono, ni mtu mwema. Na Malongo akawanyooshea mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto wa mwisho.