Sauti Chini ya Kiti

Siku Sagini alipompakia mama yake kwenye pikipiki na kumpeleka mjini Litein, Mongina alidhani wanaenda kutafuta mbolea. Kumbe mwanawe alitaka aone pikipiki ikifungwa alamu. Mwezi huo wezi walikuwa wameiba pikipiki mbili pale kijijini, moja ikiwa imeegeshwa nje ya kanisa watu wakiomba, na Sagini hakutaka ya tatu iwe yake.

Fundi alikuwa Kipkirui, kijana mwenye kibanda nyuma ya stendi. Alifungua kiti, akainua tangi, akaanza kuchambua nyaya kwa vidole vyepesi kama vya mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Traka, kifaa cha kuonyesha pikipiki iko wapi na kumpigia mwenyewe simu, ilikuwa kisanduku kidogo cha kutosha kiganjani. Aliitia laini ya simu, akaiviringishia kipande cha tyubu kuukuu, akaificha mahali ambapo hata Mongina aliyekuwa akitazama hakupaona tena. King'ora alikifunga chini ya kiti.

"Mtu akiitikisa, itapigia nani simu?" Kipkirui akauliza.

"Mama," Sagini akasema. "Simu yangu kila saa imezima. Na mwizi akiona mama anakuja na panga, ataacha hata viatu."

"Mimi sina panga," Mongina akasema.

"Uko nayo mdomoni, mama. Hata baba anaijua."

Kipkirui alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Kisha akaeleza kwamba alamu hiyo hailii tu, inasema pia. Mwenyewe anaiwekea maneno anayotaka. Sagini akainama, akapaza sauti hadi wauza viazi wakageuka: "Mama! Mama, kuja! Kuna mtu hapa!"

Wakaijaribu. Pikipiki ikaita kwa sauti yake hasa, na Mongina akasikia nywele zikimsisimka. Akacheka pamoja nao.

"Chukua rimoti moja, mama," Kipkirui akamwambia. "Hii ya kufunga, hii ya kufungua. Lakini hii batani nyekundu usiifinye ukashikilia. Ukishikilia, inafuta maneno ya kwanza na kushika mapya. Na ya kwanza hayarudi."

Mongina akaifunga rimoti kwenye pindo la leso yake, mahali anapofunga sadaka.

Alikuwa ameolewa upande huu akitoka Kisii. Miaka mingi alichuma majani ya wenyewe katika shamba kubwa la chai, hadi yeye na mumewe Nyagaka walipopata kashamba kao karibu na Litein. Watoto walikuwa wawili: Sagini wa bodaboda, na Sellah aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha Kabianga. Majirani hawakuhitaji kumtafuta Mongina kwa macho. Ukungu ukishuka juu ya chai, ungesikia wimbo wa kanisa ukipita kati ya mistari, ukajua yuko wapi.

Kabla ya Pasaka homa ya mapafu ilimshika Sagini, na wiki hiyo haikuisha naye. Wakamzika karibu na migomba. Pikipiki ikasukumwa ndani ya kibanda cha mabati, kikatiwa kufuli. Nyimbo zikakoma. Hakuna aliyekumbuka alamu.

Kisha mvua zikaanza. Alasiri moja Mongina alikuwa ndani ya chai, kikapu mgongoni, wingu jeusi likija kutoka upande wa Kericho. Ngurumo moja ilipita juu ya mashamba. Mara simu ikalia ndani ya aproni yake, na kwenye kioo kulikuwa na jina aliloliandika Sagini mwenyewe: SAGINI PIKI.

Akapokea. Hakukuwa na neno, ila ukimya wa karibu sana, kama wa mtu aliyeweka mdomo kwenye simu akasahau alichotaka kusema.

Alikimbia akimwaga majani. Alipofika uani aliisikia kabla ya kukiona kibanda.

"Mama! Mama, kuja! Kuna mtu hapa!"

Kufuli ilikuwa mahali pake. Akaifungua. Ndani hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kiti, halina alama hata ya mguu wa kuku, na taa ya mbele ikiwaka na kuzima.

"Ni radi, mama," Kipkirui alimweleza kwenye simu. "Mabati ikitingika, alamu inadhani ni mwizi."

Yalikuwa maelezo mazuri. Lakini katika nchi hii ya chai ngurumo haikosi alasiri, na kwa hiyo kila alasiri mtoto wake aliita. Tangu wiki hiyo Nyagaka alianza kuiwasha pikipiki kila Jumapili injini isife, na betri ikawa haiishi. Kila alipoitwa, Mongina alikwenda. Radi ilieleza kwa nini Sagini anaita. Haikueleza ni nani huyo aliyekuwa hapo pamoja naye.

Wanawake waliokuwa wakipita nyuma ya kibanda na vikapu vyao wakabadili njia. Mzee wa kanisa alikuja, akakaa, akanywa chai, akamkumbusha kwamba waliolala katika Bwana wamelala mpaka parapanda.

"Najua, mzee," Mongina akasema. "Hiyo darasa ni mimi nilikuwa nafundisha."

Mzee wa kanisa alipoondoka, Nyagaka alisema bila kumtazama mkewe, "Kipkirui atakuja Jumapili kuitoa hiyo alamu."

"Baba Sellah, hiyo ndiyo sauti imebaki. Hakuna nyingine."

"Mimi pia naisikia, Mongina. Unafikiri mimi ni jiwe?" Akavuta pumzi. "Sellah anakuja na simu yake. Atashika sauti kwanza, tuiweke. Kisha hicho kitu kitoke."

Mongina akakubali. Sauti ingebaki, na hilo lilimtosha.

Jumamosi, siku ya Sabato, Nyagaka alibaki kanisani kwenye kikao, na Mongina akarudi peke yake. Wingu lilikuwa limeshashuka hadi kwenye miti. Aliingia kibandani akiwa bado na nguo za ibada, akakaa juu ya ndoo. Alitaka tu kumsikia mara moja, kabla hajawekwa ndani ya simu.

Ngurumo ikaja. "Mama! Mama, kuja! Kuna mtu hapa!"

"Nimekuja, baba," akajibu. "Ni nani yuko hapo?"

Mvua ikaanza kupiga mabati. Mongina akapiga magoti, mkono mmoja juu ya kiti, mwingine umekamata pindo la leso, kama alivyolikamata katika kila ombi la maisha yake.

"Bwana, mimi sijui ni nani ananiita. Kama amelala, mwache alale. Usiniache nikimwamsha kila siku. Amina."

Ngurumo nyingine ikapasuka karibu, mabati yakatetemeka. Na chini ya kiti, mwanamke mmoja akasema: "Bwana, mimi sijui ni nani ananiita..."

Hakuitambua sauti hiyo. Ni baada ya maneno kadhaa ndipo alipofungua kiganja. Ndani yake, kupitia kitambaa cha leso, kitufe cha rimoti kilikuwa kimeacha duara jekundu. Akatoka nje akiwa ameziba masikio, akasimama mvuani mpaka Nyagaka akamkuta hapo. Hakuweza kumwambia.

Jumapili Sellah alikuja, simu yake imechajiwa. Kipkirui naye akaja na mkoba wa vyombo. Wote wanne wakaingia kibandani.

"Tayari?" Kipkirui akauliza, akapiga kiti kwa kiganja.

Ombi likatoka, na mvua ya jana nyuma yake. Sellah akashusha simu, akamtazama mama yake, akaelewa. "...Usiniache nikimwamsha kila siku. Amina."

Kisha, baada ya hiyo, amina nyingine. Ya chini, ya mwanamume, kama ya mtu aliyeketi nyuma kanisani asiyetaka kusumbua wengine.

Kipkirui akapiga kiti tena. Ikawa vilevile.

"Mlikuwa na nani hapa, mama?"

"Hakuna mtu."

"Mzee?"

Nyagaka akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa kanisani mpaka mvua ikaisha."

"Labda ni mabati inarudisha sauti," Kipkirui akasema. Lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokosa nguvu.

"Mama, nishike hii?" Sellah akanong'ona, simu mkononi.

Mongina aliweka mkono juu ya kiti, akaukalisha hapo kidogo.

"Hapana. Nilimwomba Mungu amwache alale, na Sagini mwenyewe amesema amina." Akamgeukia fundi. "Toa, mwanangu. Toa zote mbili, king'ora na ile ya simu."

Kipkirui, ambaye siku ile Litein alikuwa mwepesi wa mikono, alichukua muda mrefu kufungua skrubu ya kwanza.

Kesho yake alasiri ngurumo ilikuja kama kawaida. Simu ndani ya aproni haikulia. Wanawake waliokuwa mstari wa pili walimsikia Mongina akianza wimbo ndani ya ukungu, akanyamaza katikati ya ubeti kama anayesikiliza, kisha akaendelea.