Nyama ya Krismasi kwa Jirani

Nilizaliwa Zanzibar, Mkristo kati ya Waislamu, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo naeleza ninavyojua. Kila Krismasi baba alinunua mbuzi lakini hakumchinja mwenyewe. Alimwita jirani yetu Mwislamu amchinje, ili mtaa mzima uweze kula. Baba alikuwa mtu wa kununa, ila siku hiyo alicheka mpaka jioni.

Sasa naishi Burnsville, Marekani, kwa binti yangu na mumewe. Mlango wa pili yupo mama wa Kisomali aliyekulia Nairobi, na mchana ndiye pekee ninayezungumza naye Kiswahili. Nilitaka sana ale kwetu Krismasi, nikamgongea.

“Mwanangu, nichagulie nyama wewe, kwenye duka unaloliamini.”

“Mama, si wewe ni Mkristo?”

“Wa Zanzibar.”

“Kwani huko Wakristo wako?”

“Tupo, na tunajua kuwalisha.”

Akacheka, kisha akauliza, “Na sufuria? Haijapikiwa nguruwe?”

Kwa baba yangu nguruwe hakuingia, lakini mkwe wangu ni Mkongo, na nguruwe anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Nikamwambia ukweli.

Alinitazama, akaufungua mlango wote. “Basi tutapikia kwangu.”

Krismasi tukala kwake, mkwe naye. Kando ya pilau kulikuwa na ndizi mbivu.

“Hii inaliwa kabla au baada?” nikauliza.

“Pamoja, Mama. Sisi Wasomali wali tunaula na ndizi.”

Nikaimega, nikaichanganya na wali, nikaonja.