Nilimvunja Mkono kwa Neno Nililosikia Nusu

Mkono wa Wafula niliuharibu mimi. Wala si yeye aliyenianza, kama nilivyowaambia polisi. Nawaambia ninyi leo kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka nyumbani. Nikazunguka Webuye, Eldoret, Mombasa, na popote nilipofika niliikumbuka Thika ya ujana wangu, king'ora cha asubuhi na harufu ya mafuta ya mashine. Niliporudi, karakana iliyoniajiri ilikuwa imeshapatana na chuo kimoja cha Ruiru. Wanafunzi wanachora kipuri kwenye kompyuta, wanatuletea mchoro, mashine mpya inakata yenyewe. Sisi wa zamani tunasimama kando tukiangalia.

Wafula alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na tatu, kwao Bungoma. Siku ya kwanza aliketi mbele ya kompyuta akaninyooshea mkono bila kugeuka.

"Buda, nipatie hiyo faili."

Nikampa tupa, ile ya chuma ya kulainishia, kwa sababu sisi mafundi tunaiita faili vilevile. Kumbe alitaka flashi yenye mchoro.

"Ingiza basi kwa kompyuta tuone kama itaenea," akasema Njoroge, mwenzangu wa mashine ya jirani, na karakana nzima ikacheka.

Tangu hapo jina langu likawa Tupa. Mzee Tupa, chai iko tayari. Mzee Tupa, songa kidogo. Kwao ulikuwa mzaha. Mimi kila mara nilisikia amri. Kitu kilichokwisha kazi, tupa.

Ikaja kazi ya kutengeneza bushi, ile pete ya chuma inayoshikilia shafti, ya mashine ya kukoboa kahawa. Wafula alichora akifuata vipimo vya kitabu. Mimi nikaipapasa shafti yenyewe, ule mhimili unaozunguka ndani ya bushi, nikaipima mara mbili.

"Hii imelika," nikamwambia. "Ukikata hivyo, bushi itacheza."

Alikodolea kioo macho, akaanza kubonyeza. Nikajua amenidharau. Nikarudi kwenye mashine yangu, nikashika tupa ile ile, ambayo mpini wake ulitoka zamani.

Baada ya muda nikamsikia akiongea kwa simu na mwalimu wake. Kelele zilikuwa nyingi, nikashika maneno machache tu.

"Hiyo tupa, mwalimu. Haifai kabisa. Haina kazi tena."

Huku kwetu hatuchungi ngeli. Mtu ni hiyo, kiti ni hiyo. Nikasikia jina langu.

Sikumwita. Nilimkamata kola kutoka nyuma nikampigiza uso kwenye meza, kioo cha kompyuta kikapasuka. Akainua mkono wa kulia kujikinga, ule wa kuchorea.

"Mzee, nimefanya nini? Mzee!"

Nikaishusha tupa juu ya vidole vyake. Nikasikia mfupa. Nikaigeuza, nikampiga kwa ile ncha kali isiyo na mpini, ikaingia kiganjani ikatokea upande wa pili. Nikaichomoa nikapiga tena. Njoroge na wenzake ndio walionitoa, na hata waliponilaza sakafuni nilikuwa bado natupa mateke.

Polisi nikawaambia kwamba alinitukania mama na kunijia na spana. Njoroge akaapa kwamba aliona. Naye alikuwa anaiogopa ile mashine kama mimi. Wafula alifukuzwa akiwa kitandani hospitalini, chuo kikawaondoa wenzake wote, mashine mpya ikafunikwa turubai. Nilirudi kazini. Nilikuwa nimeshinda.

Wiki mbili baadaye mwalimu wake alikuja kuchukua vitu vyao. Alikuwa mama mpole, na hakunijua kwa sura; taarifa ya polisi aliyoisoma ilikuwa na jina langu la kitambulisho tu.

"Habari, mzee. Hapa kuna fundi anaitwa Mzee Tupa?"

"Wa nini?"

"Nataka kumshukuru. Siku Wafula alipoumizwa tulikuwa kwa simu. Aliniambia nitupe mchoro wake wa kwanza, ati fundi mmoja amemwonyesha makosa. Mwingine alikuwa ameshanitumia, mara simu ikakatika, na sijaongea naye tena."

Akafungua kompyuta yake akanionyesha. Bushi ilikuwa imechorwa kwa kipimo changu. Chini, pale mchoraji anapoandika jina, palikuwa na mistari miwili. *Mchoro: Wafula. Kipimo: Mzee Tupa.*

"Unamjua?" akauliza.

"Simjui," nikasema.

Niliacha kazi mwezi huo. Nimekaa Witeithie, nikahamia Theta, na sasa niko Ruiru, karibu na chuo chenyewe. Juzi nilimwona Wafula kando ya barabara akifungua chupa ya maji kwa meno, mkono wa kulia umejikunja kifuani. Nikavuka upande wa pili kabla hajaniona.

Kesho asubuhi naenda kituo cha polisi Thika kuibadilisha ile taarifa. Njoroge nimemwambia. Amenijibu, "Hiyo nimeiwacha kwako," akakata simu.

Wewe unayesoma, ukisikia nusu ya neno likakuchoma, subiri nusu ya pili kabla ya kuinua mkono. Mimi yangu ilikuja wiki mbili baadaye. Iliponifikia, ikiwa na jina langu chini yake, nikalikana.